Nafasi ya Mjomba Errol

Dehiwala, 14 Januari 1996

Mpendwa Mjomba Errol,

Nakuamkia kwa heshima, na Mama naye anakusalimu. Goti lake limetulia tangu aache kupanda ngazi za kanisani kwenda kwenye benchi letu. Sasa anakaa nyuma kabisa na kulalamika kwamba hasikii mahubiri, ingawa alipokuwa akikaa mbele alilalamika kwamba anayasikia. Anauliza kama keki ya Krismasi ilifika, maana mwaka huu alitia korosho mara mbili. Hukuja nyumbani wala hukutuma kadi. Tulisema posta imechelewa, kisha tukaacha kusema.

Mjomba, naingia kwenye shida yangu. Huu ni mwaka wa tano nafundisha Kiingereza shule ya masista, wasichana hamsini na wawili darasa moja. Baba alipofariki, pensheni yake ilikatwa nusu, na mshahara wangu unaishia kwenye dawa za Mama na paa la jikoni. Nasikia chuo chenu huko Ghuba kinatafuta walimu. Wewe umekaa pale miaka kumi na mmoja. Neno lako moja kwa Bwana Prowse, mkuu wa idara yako, linanitosha. Nina shahada, nina cheti cha ualimu, na Kiingereza nimezaliwa nacho kama wewe.

Sikuombi fedha. Nakuomba neno tu.

Mpwa wako akupendaye,
Delrine


Chuoni, 25 Februari 1996

Mpwa wangu Delrine,

Salamu kwako na kwa dada yangu Beryl. Habari za bomu lililolipuka mjini huko kwenu tulizisikia redioni, na sikulala vizuri mpaka barua ya Beryl iliponifikia. Keki ilifika nzima. Mwambie korosho nimeziona. Niliila peke yangu, kipande kimoja kila jioni, mpaka ikaisha wiki iliyopita.

Mimi mzima. Joto bado halijaanza. Barua yako imekaa mezani wiki tano na naomba radhi.

Kuhusu ulilouliza: hakuna nafasi. Hata zingekuwapo, nisingekushauri uje. Mwanamke peke yake huku hukaa ndani, na ndani hakuna kitu. Masista wanakujua na wanakuheshimu. Tulia hapo.

Tafadhali tusilirudie jambo hili.

Mjomba wako,
Errol


Dehiwala, 18 Machi 1996

Mpendwa Mjomba,

Mama hajambo. Paa la jikoni limeezekwa upande mmoja, mwingine unasubiri.

Uliniandikia kwamba hakuna nafasi. Tarehe tatu mwezi huu, gazeti la Jumapili lilikuwa na tangazo la chuo chako, robo ukurasa. Nilikaa nalo mezani muda mrefu, barua yako upande huu na gazeti upande ule, nikijiuliza mwongo ni yupi.

Nimekwenda kwenye usaili bila neno lako. Walifanyia hotelini Kollupitiya, na Bwana Prowse alikuja mwenyewe. Ni mpole, ana sauti ya mtu anayesoma dua. Aliniuliza maswali ya sarufi nikayajibu. Kisha akasema, "Kiingereza chako ni kizuri mno. Ulijifunzia wapi?"

Nikamwambia, "Tumboni mwa mama yangu."

Akacheka na kuandika kitu. Nikamweleza kwamba sisi ni Waburgher, uzao wa Wazungu waliohamia kisiwani zamani, kwamba nyumbani kwetu hatujapata kusema lugha nyingine tangu enzi za babu wa babu, na kwamba bibi yangu alikuwa akitukaripia kwa Kiingereza mpaka siku aliyokufa. Akasema, "Inavutia sana." Halafu akauliza pasipoti yangu ni ya nchi gani. Nikasema Sri Lanka. Akaandika tena.

Ulimi uliniwasha nimwambie kwamba mimi ni mpwa wako. Sikusema. Mtu asiyetaka kunisemea, mimi nitamtajaje?

Najua utakasirika. Lakini wewe ulikwenda, ukajenga ghorofa ya juu ya nyumba yako ya Mount Lavinia, ukawasomesha wanao mpaka wakahamia Melbourne. Mimi nikiomba mlango huohuo, unaniambia nitulie. Kuna nini huko usichotaka nikione?

Delrine


Chuoni, 9 Aprili 1996

Mpwa wangu,

Heri ya Pasaka. Nilikwenda ibada nyumbani kwa fundi umeme mmoja kutoka Negombo. Tulikuwa kumi na wanne, tukaimba polepole ili majirani wasisikie.

Nilikudanganya. Nafasi zipo. Sasa nisikilize, kisha uamue.

Hapa kuna madaraja mawili ya walimu wa Kiingereza. Daraja la Kwanza ni wenye pasipoti za Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na wenzao. Daraja la Pili ni sisi tuliobaki. Wa kwanza anafundisha vipindi kumi na vinane kwa wiki, anapewa nyumba yenye ua, tiketi za familia nzima, na ada ya shule ya watoto. Wa pili anafundisha ishirini na nne, chumba anashiriki na mwenzake, tiketi ni yake peke yake, na mshahara ni chini ya nusu. Siyo siri. Imeandikwa kwenye kitabu cha kanuni, ukurasa wa sita.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, Gavin, miaka ishirini na mitatu, ana cheti cha wiki sita. Si mtu mbaya. Siku yake ya kwanza alinijia na kitabu mkononi. "Errol, nieleze haraka hivi vitenzi vya wakati timilifu, wanafunzi wananisubiri." Nilimweleza. Alikuja kila asubuhi mwezi mzima. Alipopokea mshahara wake wa kwanza aliniuliza kama na mimi nimeona makato ya simu ni makubwa, akanionyesha karatasi yake ili tulinganishe. Nikaisoma. Yeye akaisoma ya kwangu. Tangu siku hiyo akawa hanitazami usoni, maskini, na vitenzi vyake akawa anamuuliza mtu mwingine.

Novemba tuliandika barua kwa utawala, walimu saba wa Daraja la Pili. Hatukuomba mshahara. Tuliomba vipindi vilingane. Wiki iliyofuata majina matano yalifutwa na wenyewe. Wa sita akaniambia ana watoto wanne. Nilibaki mimi. Bwana Prowse akaniita. "Errol," akasema kwa sauti ile unayoijua, "hakuna anayekulazimisha kukaa." Nikamwambia, "Wala sijasema naondoka." Mambo yakaishia hapo.

Pasipoti utakayokuja nayo itakaa kwenye kabati la ofisi yao. Ukitaka kutoka nchini utaandika barua. Na kabla hujasaini chochote, waulize nafasi hiyo ilikuwa ya nani na ameondokaje.

Mwambie Beryl asitume keki mwaka huu. Forodha wamekuwa wakali.

Errol


Dehiwala, 2 Juni 1996

Mpendwa Mjomba Errol,

Mama anakusalimu. Amesema habari ya forodha ni uvivu wako wa kwenda posta, na keki itakuja.

Nilisoma barua yako mara tatu. Nilikasirika, kisha nikakuonea huruma, kisha nikahesabu. Chini ya nusu ya mshahara wao ni mara tano ya mshahara wa masista. Mjomba, wewe unatazama meza ya Gavin. Mimi natazama meza hii ya kwetu.

Nimesaini.

Niliuliza kama ulivyoniagiza. Wakala wa ajira akafungua faili, akasema, "Kuna mzee amestaafu." Basi. Nikamwuliza mbona mshahara kwenye mkataba ni mdogo kuliko wa gazetini. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Tangazo lilikuwa la watu wote, dada. Mkataba ni wako." Vipindi ni ishirini na sita, siyo ishirini na nne. Nadhani kanuni zimebadilika tangu uzisome.

Ada ya wakala tumeilipa kwa piano. Ilichukuliwa Jumanne. Mama alikwenda kulala mchana wakati wanaibeba, yeye ambaye halali mchana. Nikivunja mkataba kabla ya miaka miwili, narudisha tiketi na gharama zote, kwa hiyo sitauvunja.

Nafika tarehe 30 Agosti. Uje kunipokea uwanja wa ndege, hata kama una hasira. Sijui mtu mwingine huko.

Delrine


Dehiwala, 20 Julai 1996

Mpendwa Mjomba,

Barua yangu ya Juni hujaijibu. Mama anasema uko likizo, mimi namwuliza likizo gani hiyo isiyokuleta nyumbani. Je, ni hasira? Kama ni hasira, iandike.

Tarehe 30 Agosti, usiku, ndege ya saa nne.

Delrine


Chuoni, 8 Septemba 1996

Mjomba,

Barua hii naikabidhi kwa Bwana Rafiq, karani wa idara, ambaye amekataa kunipa anwani yako lakini amekubali kuituma. Anasema alikuahidi. Ni mtu mwema, na ahadi yake inaniumiza.

Nilisubiri uwanjani saa mbili. Akaja dereva na kibao chenye jina langu lililokosewa. Nikajisemea, atakuwa na kazi, nitamwona kesho.

Kesho yake Bwana Rafiq alinikabidhi ufunguo wa chumba cha kazi namba kumi na mbili. Akafungua mlango, akafuta kiti kwa leso yake mwenyewe, akasema, "Karibu, binti. Hapa palikuwa pa Bwana Lorensz. Chuoni alikaa miaka kumi na mmoja."

Nikacheka. Nikamwambia, "Ni mjomba wangu huyo. Amehamia chumba gani?"

Akabaki ameshika leso. "Hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

Akafunga mlango kwanza ndipo akanieleza. Kwamba ulipewa barua ya kuachishwa Desemba, kwa sababu ya majina saba yaliyobaki moja. Kwamba ulimaliza mwaka, ukasahihisha mitihani yote, ukaondoka mwisho wa Juni na masanduku mawili. Kwamba mshahara wako ulikuwa umepanda kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja, na utawala ukaona kwa fedha ya mtu mmoja wa zamani unaweza kupata mpya na bado ukabaki na chenji. Huyo mpya ni mimi. Hakukuwa na nafasi nyingine. Ilikuwa moja tu, yako.

Jana nilifundisha kitabu cha mazoezi cha mwaka wa kwanza. Jaladani wameandika "Kimetungwa na Idara". Zoezi la nne linasema: Beryl anapanda treni ya saa mbili kwenda Dehiwala. Beryl amesahau mwavuli wake. Wasichana thelathini wakasoma jina la mama yangu kwa pamoja, nami nikageukia ubao nikaandika tarehe, polepole sana.

Uko wapi? Nyumba yako ya Mount Lavinia ina wapangaji, Mama kaniandikia. Kwa nini uliniacha nije?

Delrine


Negombo, 3 Oktoba 1996

Mpwa wangu Delrine,

Nimefurahi umefika salama na kwamba Rafiq bado anabeba leso safi. Msalimu. Mkewe anaumwa sukari, uwe unamwulizia.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la mikate hapa Negombo. Kwa treni ni mwendo wa asubuhi moja tu mpaka kwa mama yako. Sijaenda. Jioni nafundisha wahudumu wawili wa hoteli kuuliza wageni kama chakula kimewapendeza. Wapangaji wa Mount Lavinia siwezi kuwatoa, kodi yao ndiyo inayonilisha. Kiinua mgongo nililipwa nusu. Walisema barua ya Novemba ilikuwa utovu wa nidhamu, na ukurasa wa tisa wa kitabu cha kanuni unawaruhusu.

Umeuliza kwa nini. Barua yako ya Januari ilipofika, barua ya kuachishwa ilikuwa na mwezi mmoja mezani kwangu. Nilijua nafasi inayotafutiwa mtu ni ya nani. Ulitaka niende kwa Prowse nimwambie nini? Mnaponitoa, mwekeni mpwa wangu?

Aprili nilitaka kukwambia. Nilikaa na kalamu, nikakwambia kila kitu isipokuwa hicho. Nilidhani ukiwaona walivyo utakataa mwenyewe, nami nibaki mjomba mwenye kazi Ghuba. Miaka kumi na mmoja Beryl amewaambia watu pale kanisani kwamba kaka yake ni mhadhiri. Sikuwahi kuwa mhadhiri. Kwenye mkataba tunaitwa wakufunzi, na hilo nalo sikumwambia.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie. Nitakwenda mwenyewe nikiwa tayari.

Errol


Chuoni, 17 Novemba 1996

Mpendwa Mjomba,

Nakuamkia. Mke wa Rafiq amelazwa siku tatu akatoka, sasa hajambo. Mama anasema paa limekamilika na jikoni hapavuji. Kila barua ananiuliza habari zako. Ninamwambia tunaonana kila Ijumaa, unanipikia wali na dengu, na umenenepa. Wiki iliyopita niliongeza kwamba umenunua shati la bluu. Sijui kwa nini niliongeza. Naona uongo ukiwa na shati unasimama vizuri zaidi.

Nina jambo la kukiri, na ni afadhali ulisikie kwangu.

Walimu wa Daraja la Pili wanaandika barua tena, vipindi vilevile. Anayeiongoza ni Bi Amal, Mpalestina kutoka Amman, ninayeshiriki naye chumba. Ndiye aliyenifundisha kuwasha tanuri, ndiye aliyenikanda mgongo nilipokuwa na homa. Aliniletea karatasi mezani, ina majina manne.

"Soma kwanza," akasema.

Nikasoma. Kila neno lilikuwa kweli. Nikamwambia, "Amal, siwezi."

"Hujaulizwa kama unaweza. Umeulizwa kama ni kweli."

"Ni kweli."

"Basi andika jina."

Nikamweleza habari ya piano. Nikamweleza habari za wakala, za paa, za goti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi sote tuna piano, habibti, mpenzi wangu," akaikunja karatasi. Hajanisemesha vibaya tangu siku hiyo. Asubuhi ananiwekea chai kama kawaida, nami nashindwa kuinywa.

Mjomba, nimekaa kwenye kiti ulichotolewa kwa kusaini, na nimekataa kusaini. Nilijua ninachofanya. Hakuna mtu aliyenidanganya safari hii. Nikifumba macho nasikia sauti yako ukisema majina matano yalifutwa na wenyewe. Sasa nawajua watano wale. Walikuwa watu kama mimi.

Kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa. Ila nakuomba radhi.

Delrine


Negombo, 12 Desemba 1996

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu, na heri ya Krismasi inayokuja. Shati la bluu halinifai, lakini nashukuru kwa kunivalisha. Bado sijaenda Dehiwala. Juzi nilifika mpaka kituoni, nikanunua tiketi, treni ikaja ikaondoka. Nimewaambia wanafunzi wangu wa hoteli kwamba nitakwenda baada ya sikukuu.

Usiniombe radhi. Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwaka 1991 idara yetu ilikuwa na Msudani, Idris Babikir, mtu mrefu, mwalimu bora kuliko mimi. Wavulana walikuwa wakisimama dirishani kusikiliza kipindi chake hata kama si darasa lao. Aliandika barua ya kuomba walimu wote waruhusiwe kushika pasipoti zao, kwa sababu mama yake alifariki Omdurman na ruhusa ya kutoka ilimfikia siku kumi baada ya mazishi. Aliniletea niwe wa pili kusaini. Tulikuwa tukila pamoja kila siku. Nilimwambia niachie niifikirie. Nikaiweka ndani ya kamusi, nikamrudishia baada ya siku nne, haina jina langu.

Walimwachisha kabla ya mwezi kwisha. Ratiba yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, hakuwa na vipindi vya jioni. Prowse akaniuliza kama naitaka. Nikasema naitaka. Chumba namba kumi na mbili kilikuwa chake, Delrine. Rafiq alinifutia kiti kwa leso, hivyohivyo.

Siku anaondoka nilijifanya nina mitihani ya kusahihisha. Nilimwona dirishani akipakia vitabu kwenye gari. Alitazama juu mara moja. Miaka minne baadaye ndipo nikaandika barua ile ya Novemba, na watu wakaniona shujaa. Nilikuwa nalipa deni kwa mtu ambaye hayupo.

Mimi sikumwandikia Idris hata mstari mmoja. Wewe umeniandikia mimi. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na usiifanye ndogo.

Wiki hii nimejaribu kuirekebisha. Nimemwandikia kurasa saba. Nilizipeleka posta, nikamwambia karani nataka stempu za Sudan. Akaipima bahasha, akaigeuza, akanirudishia. "Mzee, hujaandika mji." Nikamwambia siujui. Akasubiri kidogo, akadhani nitakumbuka. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa, nikatoka kwenye foleni.

Bi Amal watamwachisha kazi, pengine kabla ya Pasaka. Watakuletea ratiba yake na utaipokea, kwa sababu piano imekwenda na paa lazima lilipiwe. Sitakulaumu. Ila kesho asubuhi kunywa ile chai anayokuwekea, na kabla hajafunga mizigo yake, mwombe anwani.

Mjomba wako,
Errol